Funika Kombe, Mwanaharamu Apite: Uhakiki wa Methali Moja

Msomaji wangu, katika pwani yetu ya kusini, tangu Likoni na Diani hata Msambweni na Vanga, ni shida kumpata mtoto aliyelelewa na bibi yake asiyeijua methali isemayo, "Funika kombe, mwanaharamu apite." Watu wawili wakigombana barazani kwa deni dogo, mzee mmoja huitamka, na aghalabu ugomvi hukoma. Kombe ni sahani kubwa ya kulia. Mwenye chakula akimwona mtu msumbufu anakuja, hulifunika kombe lake akatulia. Msumbufu hupita, naye mwenye kombe hulifunua akaendelea kula. Maana yake ni kwamba mtu mwenye busara huvumilia udhia mdogo ili aepukane na udhia mkubwa.

Sina nia ya kuitukana methali hii. Katika nyumba, sokoni na katika ujirani imeokoa ndoa nyingi na udugu mwingi. Lakini mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu, na siku moja mwanachuo wangu aliniletea insha juu ya methali hiyo. Kiswahili chake kilikuwa safi na mpango wake mzuri. Katika ukurasa wa mwisho aliandika kwamba laiti wakuu wa mataifa wangaliyafuata maneno ya wazee wetu, wakawapa viongozi wakali kile wanachokitaka, dunia isingaliona vita vikubwa. Nilimpa maksi nzuri kwa lugha. Kwa hoja sikumpa. Aliponiuliza sababu nilimjibu kwa maneno machache, kwa kuwa kengele ilikuwa imekwisha kulia. Insha hii ni jibu langu kamili, nami naliandika kwa ajili yako wewe pia, maana huenda nawe umewahi kuwaza kama alivyowaza yeye.

Mtu anayetaka kuihakiki methali huuliza kwanza: Maneno haya ni kweli kwa masharti gani? Ukiitazama sana methali yetu utaona kuwa ina masharti matatu. La kwanza, kombe ni lako mwenyewe. Hukufunika wala hukutoa chakula cha jirani. La pili, mwanaharamu yumo njiani, anakwenda zake, hakuja kukaa. La tatu, kinachofunikwa ni chakula, si macho yako. Masharti haya yakitimia, methali ni kweli. Yakikosekana, tunabaki na maneno matamu yanayoficha jambo baya.

Chukua mfano ulio karibu nasi. Tuseme katika kijiji kimoja cha Msambweni yuko mtu mwenye nguvu ambaye shamba lake limepakana na la mjane. Anadai safu moja ya minazi ya mjane yule, na anasema asipopewa atachoma mapaa ya makuti ya kijiji kizima. Wazee wanakutana. Mjane hakuitwa. Wanashauriana, wanaogopa, kisha wanamkatia yule mtu safu aliyoitaka, wakarudi majumbani mwao wakishukuru kwamba amani imepatikana. Je, ni nani aliyeilipia amani hiyo? Na mwaka wa pili, mtu yule atakapoitaka safu nyingine, atakuwa amejifunza nini juu ya wazee wa kijiji?

Sasa tuiache Msambweni, tuyatazame mataifa, tukianza na sharti la kwanza: kombe liwe lako.

Mwezi wa Oktoba 1935 majeshi ya Mussolini, mtawala wa Italia, yaliingia Ethiopia. Mussolini alikuwa akiwaambia Waitalia kwamba taifa lao ni kubwa, kwamba lilivunjiwa heshima liliposhindwa Adowa mwaka 1896, na kwamba ni haki yake kupata dola. Ethiopia ilikuwa mwanachama wa Shirikisho la Mataifa, chama kilichotangulia Umoja wa Mataifa wa leo. Shirikisho liliipinga Italia kwa vikwazo vya biashara, lakini mafuta, ambayo ndiyo yaliyoendesha magari na ndege za vita, hayakuzuiwa, na Mfereji wa Suez uliachwa wazi kwa meli za Waitalia. Desemba mwaka ule ule, Samuel Hoare wa Uingereza na Pierre Laval wa Ufaransa walitunga kwa siri mpango wa kumpa Mussolini sehemu kubwa ya Ethiopia ili aridhike. Habari zilipovuja watu wengi wa Uingereza walikasirika, na Hoare akajiuzulu. Walakini Ethiopia haikuokolewa. Mei 1936 Addis Ababa ilitekwa, na tarehe 30 Juni Mfalme Haile Selassie alisimama mbele ya mataifa mjini Geneva akawaonya kwamba shauri lile halikuwa la Ethiopia peke yake, bali la kila taifa dogo duniani.

Miaka miwili baadaye mchezo ulichezwa tena. Hitler wa Ujerumani alidai jimbo la Sudeten katika nchi ya Chekoslovakia, kwa sababu wakazi wake wengi walisema Kijerumani. Mwishoni mwa Septemba 1938 wakuu wanne walikutana Munich: Hitler, Mussolini, Chamberlain wa Uingereza na Daladier wa Ufaransa. Wakakubaliana kwamba Hitler apewe jimbo lile. Wajumbe wa Chekoslovakia, wenye nchi yao, hawakuketi mezani. Walingoja hotelini hata wakaletewa hukumu. Chamberlain akarudi London, akawaambia watu waliomshangilia kwamba amewaletea amani ya zama zao.

Wala usidhani kuwa sisi tulikuwa mbali na karamu hiyo. Machi 1938 balozi wa Uingereza mjini Berlin alimpelekea Hitler wazo la kuipa Ujerumani sehemu katika utawala wa makoloni ya Afrika ya Kati, nchi ambazo nyingi zilikuwa mikononi mwa Wabelgiji na Wareno. Nao Wajerumani waliodai warudishiwe makoloni yao ya zamani waliitaja Tanganyika, ambayo mtu wa Vanga huiona ng'ambo ya mpaka. Hitler hakulipokea wazo lile, kwa kuwa macho yake yalikuwa Ulaya kwanza. Lakini Wadigo wanaoishi pande zote mbili za mpaka wetu hawakuulizwa kama wanataka kutawaliwa na mtu aliyehubiri kwamba mtu mweusi ni duni. Mjane hakuitwa barazani.

Hapa watu husema, "Heri nusu ya shari kuliko shari kamili." Ni methali nzuri, lakini mhakiki hana budi kuuliza: Nusu ya shari kwa nani? Kwa Chamberlain pengine ilikuwa nusu. Kwa Mcheki aliyeipoteza nyumba yake ilikuwa shari kamili. Ni rahisi mno kuwa mpole kwa mali ya mwenzio.

Tuje katika sharti la pili: mwanaharamu awe anapita. Machi 1936 Hitler aliingiza askari katika Rhineland kinyume cha mikataba, aliachwa. Machi 1938 aliimeza Austria, aliachwa. Mwaka ule ule alipewa Sudeten, akaahidi kwamba hana dai jingine Ulaya. Machi 1939 akaingia Prague. Tarehe 1 Septemba 1939 akaishambulia Polandi, na vita vikuu vikaanza. Angalia pia kwamba kila alichopewa kilimwongezea nguvu. Ngome za Wacheki zilikuwa katika jimbo lile lile la Sudeten, na baadaye kiwanda kikubwa cha silaha cha Skoda kikamfanyia kazi yeye. Waliodhani wanafunika kombe walikuwa wakimlisha.

Na Mussolini je, alishiba Ethiopia? Julai 1940 askari wake waliiteka Moyale, katika mpaka wa Kenya. Ilibidi askari wa Afrika Mashariki, wa Afrika ya Magharibi na wa Afrika ya Kusini watoke Kenya kwenda kuirudisha nchi ambayo kura moja ya kuzuia mafuta mwaka 1935 huenda ingaliiokoa. Haile Selassie aliingia tena Addis Ababa tarehe 5 Mei 1941, miaka mitano kamili tangu mji ule ulipotekwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta ule ulijengwa kwa mifupa ya vijana wasiohudhuria mkutano wowote.

Sharti la tatu ndilo lililo gumu kwetu, kwa sababu safari hii hatuwezi kuwalaumu Wazungu peke yao. Nalo ni hili: tufunike chakula, tusifunike macho.

Idi Amin aliitwaa serikali ya Uganda kwa nguvu tarehe 25 Januari 1971, Rais Milton Obote alipokuwa Singapore mkutanoni. Haikupita hata wiki mbili Uingereza ikamtambua. Mwalimu Nyerere wa Tanzania alikataa. Agosti 1972 Amin alitangaza kwamba Wahindi waondoke Uganda katika siku 90, akasema anawarudishia Waafrika uchumi wao. Wako watu katika nchi zetu walioshangilia, kwa kuwa waliliona neno "utaifa" wakasahau kutazama lililo nyuma yake. Septemba mwaka ule Jaji Mkuu wa Uganda, Benedicto Kiwanuka, alikamatwa ndani ya Mahakama Kuu, wala hakurudi. Waganda maelfu walikuwa wakipotea hivyo hivyo.

Serikali za Afrika zilifanya nini? Julai 1975 wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikwenda Kampala kufanya mkutano wao, na Amin akawa mwenyekiti wao kwa mwaka mzima. Tanzania, Zambia na Botswana zilikataa kwenda. Waliokwenda walikuwa na udhuru wao: Katiba ya Umoja ya mwaka 1963 ilikataza nchi moja kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Sheria hiyo ilikuwa na maana yake, kwani nchi changa ziliogopa kuchezewa. Lakini kutoingilia ni jambo moja, na kumkalisha muuaji katika kiti cha heshima ni jambo jingine. Hapo ndipo Afrika ilipofunika macho yake badala ya kombe.

Yaliyofuata yanatufundisha kwa pande mbili. Februari 1976 Amin alisema kwamba sehemu kubwa ya Kenya ya magharibi, hata karibu na Nairobi, ilikuwa ya Uganda zamani. Dai lake lilikuwa na chembe ya kweli, kama yalivyo madai mengi ya namna hii: mwaka 1902 Waingereza waliitoa kweli mikoa ya mashariki ya Uganda wakaiunga na nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Lakini Rais Jomo Kenyatta hakuitisha mkutano wa kugawa minazi. Alijibu kwamba Kenya haitatoa hata inchi moja. Wananchi waliandamana, na katika bandari ya Mombasa, iliyo mlangoni mwetu sisi watu wa Kwale, makuli walikataa kuishughulikia mizigo ya Uganda. Amin akarudi nyuma, akasema hakuwa na nia ya vita. Hapana risasi iliyolia. Sisemi kwamba Kenya ilikuwa na mikono safi siku zote, kwani biashara na serikali ile iliendelea. Nasema tu kwamba siku ile mlango ulifungwa, na mgeni akageuka.

Tanzania haikuwa na bahati hiyo. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka, yakaikalia nchi iliyo kaskazini ya Mto Kagera, kiasi cha kilomita za mraba 1,800, yakaua watu, yakateka ng'ombe, na Amin akatangaza kuwa nchi ile sasa ni ya Uganda. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa umeazimia Cairo mwaka 1964 kwamba mipaka iliyorithiwa iheshimiwe. Walakini, ilipofika siku ya kulitimiza azimio hilo, Umoja ulitaka kusuluhisha pande mbili kana kwamba wote wawili ni wagomvi, wala haukumlaani mvamizi. Nyerere alikataa. Aliwaambia Watanzania kwamba sababu ya kumpiga Amin wanayo, nia wanayo na uwezo wanao. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka. Amin alikimbia, akafa Saudi Arabia mwaka 2003 bila kushtakiwa mahakamani.

Usiufurahie ushindi huo kupita kiasi, msomaji. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba watu 300,000 waliuawa katika utawala wa Amin. Tanzania ililemewa na gharama za vita kwa miaka mingi, na Uganda haikutulia mara moja. Ugonjwa uliocheleweshwa hautoki kwa dawa ndogo. Kila mwaka ambao wakubwa walitabasamu na Amin uliongezwa katika hesabu, na waliolipa ni watu wa Kagera na Waganda, ambao hawakuketi katika mkutano wa Kampala.

Sasa yafaa niwatendee haki wale ninaowapinga. Chamberlain hakuwa mwoga wala mpumbavu. Alikumbuka vita vya 1914 hadi 1918, vilivyoua mamilioni, na sisi wenyewe tukiwakumbuka wapagazi wa Kariakoo, waliokufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa na maradhi wakibeba mizigo ya vita visivyokuwa vyao, tutaelewa kwa nini mtu aweza kusema, "Chochote, lakini si vita tena." Chuki ya vita ni jambo jema. Kosa si kuipenda amani. Kosa ni kudhani kwamba amani ya kweli hununuliwa kwa mali ya asiyekuwapo.

Tena somo la Munich laweza kutumiwa vibaya. Julai 1956 Rais Nasser wa Misri aliutaifisha Mfereji wa Suez. Waziri Mkuu wa Uingereza, Anthony Eden, alimfananisha na madikteta wa miaka ya 1930, akasema wasirudie kosa la kubembeleza, na mwishoni mwa Oktoba mwaka ule Uingereza, Ufaransa na Israeli wakaishambulia Misri. Alikosea. Mfereji ulipita katika ardhi ya Misri, na Nasser aliahidi kuwalipa wenye hisa. Wakoloni wengi waliwaita viongozi wetu wapenda uhuru wachokozi, kwa sababu tu walidai kilicho chao. Kwa hiyo si kila kiongozi apigaye kelele kwa ajili ya taifa lake ni Hitler, na anayesema hivyo kila mara huenda anatafuta kisingizio cha kuvamia.

Tena mazungumzo si kubembeleza. Baada ya uhuru wa Kenya mwaka 1963, Somalia iliidai nchi yetu ya kaskazini-mashariki, na watu wengi walikufa katika vita vya mashifta. Oktoba 1967 Kenya na Somalia zilikutana Arusha, Rais Kaunda wa Zambia akiwa msuluhishi, zikakubaliana kukomesha uhasama. Kenya haikutoa hata shamba moja. Ingawa shida za watu wa jimbo lile hazikwisha siku hiyo, mkutano ule waonyesha kwamba mtu aweza kuketi na adui yake bila kumkatia minazi ya mjane.

Basi utawatofautishaje? Nakupa maswali matatu, yaliyotoka katika masharti yetu matatu, uyatumie unaposoma historia na hata unaposikiliza habari za leo. Kwanza: Je, anadai kilicho chake, au cha mwingine? Na huyo mwingine ameketi mezani? Pili: Je, alipopewa mara ya kwanza alitulia, au aliongeza dai? Tatu: Je, sisi tunanyamaza kwa kuwa tumeyapima mambo, au kwa kuwa hatutaki kuona? Ukiyajibu maswali haya kwa haki, hutamwita kila jirani mchokozi, wala hutamwita mchokozi jirani mwema.

Maswali hayo ni ya shuleni pia. Katika bweni akiwako mvulana mkubwa anayemnyang'anya mdogo sukari yake, na ninyi wengine mkamwambia yule mdogo, "Mpe tu, asitusumbue," mmefanya mkutano wa Munich bila ya kuvuka bahari. Anayejifunza kunyamaza kwa sukari ya mwenzake akiwa na miaka 15, atajuaje kusema akiwa na miaka 50 na muhuri wa serikali mkononi?

Mwanachuo wangu amekwisha kumaliza masomo. Sasa ni mwalimu, na bila shaka anawafundisha watoto methali ile ile. Namwomba asiiache. Wafundishwe kulifunika kombe lao, wavumilie maneno ya mpitaji, wasigombane kwa mambo madogo. Lakini na awafundishe vile vile kwamba siku mtu mwenye nguvu atakaposimama mlangoni mwa mjane, kazi ya wazee si kufunika kitu. Kazi yao ni kumwita mjane barazani, wamketishe katikati yao, kisha wamwambie yule mtu: "Shamba hili lina mwenyewe."